Turbo kwenye 1HZ: kabla hujamwachia fundi gari

Kuna dereva wa watalii kaniandikia swali, nalifupisha hapa ili na wengine wafuatilie. Ana Land Cruiser ya 1996, injini 1HZ, ile ya dizeli ya Toyota isiyo na turbo, bodi imerefushwa, viti 7, imetembea kilometa laki 4 na 80 na tangu ainunue hajawahi kufungua injini. Akitoka Mto wa Mbu kupanda kwenda Karatu akiwa na wageni kamili anashuka mpaka gia ya 3, akiingia ule msitu wa kupanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro moshi mweusi unafunika nyuma na wenzake wanampita. Mtaani kwake kuna fundi ana turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini) iliyotolewa kwenye lori, kamwambia ataifunga kwa siku 2 na kumwongezea dizeli kwenye pampu. Anauliza, shikamoo fundi, nimwachie gari?

Marahaba mdogo wangu. Kwa mpango huo usimwachie. Sio kwamba 1HZ haifungiki turbo, inafungika, Australia wamezifunga miaka na miaka na hapa Arusha zipo zinatembea nazo misimu kadhaa bila kufunguliwa. Kinachoua 1HZ sio turbo, ni dizeli iliyoongezwa bila mtu yeyote kupima joto. Ukilishika hilo moja, mengine yote nitakayokuandikia utayaelewa hata kama hujawahi kushika spana.

Tuanze na kwa nini gari yako inachoka mlimani, maana hapo ndo watu wengi wanapokosea. Dizeli haiungui peke yake, inataka hewa, na hewa inapungua kadri unavyopanda. Dar pale usawa wa bahari hewa ina presha ya psi 14.7. Hapa Arusha, mita kama 1,400, tunabaki na 12 na kidogo. Ukisimama ukingoni kwenye kreta, mita kama 2,300, unabaki na psi 11 hivi, yaani robo ya hewa haipo. Injini yako ni ya cc 4,164, inavuta kiasi kilekile kila mzunguko, ila inachovuta pale juu ni chepesi. Sasa pampu yako haijui kwamba iko Ngorongoro. Zipo pampu za 1HZ zilizokuja na kifaa cha kupunguza dizeli mlimani, nyingine hazina, na katika zile zinazopita mezani kwangu mara nyingi kifaa kimeshakufa au mtu kakiziba. Kwahiyo pampu inamwaga dizeli ya Dar kwenye hewa ya kreta, ile isiyopata hewa inatoka nyuma ikiwa moshi mweusi, na wewe unaona gari haivuti unazidi kukanyaga, moshi unazidi, joto linazidi, nguvu haiongezeki.

Kwa hesabu hiyo turbo kwa mtu wa milimani ina maana kuliko kwa mtu wa Dar. Pale ukingoni psi 3 na nusu za kwanza za turbo hazikuongezei kitu, zinakurudishia tu hewa ya Dar, na hapo moshi unakata na joto la ekzosi linashuka kabla hujagusa skrubu yoyote ya dizeli. Hili naomba ulirudie kusoma. Turbo ikifungwa vizuri na dizeli ikaachwa ilivyo, injini inapumua vizuri na inaungua safi zaidi, na nguvu kidogo unaipata kwa sababu dizeli uliyokuwa unaitupa nyuma sasa inaungua ndani. Hatari inaanza pale mtu anaposema "sasa hewa ipo, tuongeze dizeli", akazungusha skrubu nyuma ya pampu kwa kusikiliza sauti.

Ila kabla ya turbo kuna maswali. Gari ya laki 4 na 80 ambayo haivuti na inatoa moshi mweusi, mi siamini moja kwa moja kwamba tatizo ni kukosa turbo. 1HZ nzima ina nguvu za farasi kama 130, sio nyingi kwa gari iliyorefushwa, wageni 6, mizigo, friji, sanduku la chakula na tairi 2 za spea nyuma, kwahiyo gia ya 3 kwenye ule mlima wa Mto wa Mbu wala sio aibu. Ila moshi wa kufunika nyuma ni ugonjwa. Toa nozeli, vile vinyunyizio vya dizeli, zote 6 zipimwe kwenye mashine, mtu aangalie zinafungua presha gani na zinanyunyiza vipi, ukungu au zinakojoa. Nozeli inayokojoa inatosha kabisa kukupa huo moshi. Angalia taiming ya pampu, yaani kama inarusha dizeli kwa wakati wake. Angalia filta ya dizeli na kale kachujio ka tenki, maana dizeli za madumu tunazozinunua porini huko unajua mwenyewe. Angalia kebo ya mafuta, mtu mmoja akae ndani akanyage mpaka chini mwingine aangalie pale kwenye pampu kama mkono unafika mwisho, nimeshakuta gari ya mtu miaka 2 inalalamikiwa haina nguvu kumbe kapeti la chini limejikunja linazuia pedali. Angalia breki kama zinashika. Na tairi, ukiwa umetoa zile 7.50-16 ukaweka kubwa za kupendezea basi umezirefusha gia zako zote bila kujua, hata gia ya 2 imekuwa nzito. Wengi wanaokuja kwangu wanataka turbo wanaondoka na nozeli na pampu zimehudumiwa, wiki ijayo wananipigia wanasema fundi gari imerudi ujana.

Baada ya hapo pima kompresheni, yaani presha ya hewa pistoni ikiibana, silinda zote 6. Hapa usikubali mtu akuambie "ipo vizuri tu naisikia", ifungwe geji namba ziandikwe kwenye karatasi. Mi kwa huku juu siangalii sana namba yenyewe, maana hewa nyepesi inaishusha hata kwa injini nzima, naangalia tofauti. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya bar 5, injini hiyo haifungwi turbo, inafunguliwa kwanza. Alafu fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma taratibu. Ikipumulia kama treni ujue ringi za pistoni zimechoka, na turbo itazimalizia. Na hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda. Hedi ya 1HZ ina tabia ya kupasuka, hasa katikati ya vali na kwenye zile chemba ndogo, na hedi iliyowahi kuchemsha mara 2, 3 ni hedi ya kuiogopa. Kama rejeta yako inapungua maji kila wiki na huoni yanapovuja, au bomba la juu linakuwa gumu kama jiwe asubuhi kabla injini haijapata moto, hilo ni jambo la hedi au gasketi, acha habari za turbo kabisa.

Sasa nikusimulie kwa nini nakuwa mkali hivi. Kuna Land Cruiser ililetwa kwetu katikati ya msimu, Julai, imevutwa na kamba. Turbo ilifungwa gereji nyingine, sitaitaja, turbo kubwa ya lori, na dizeli ikaongezwa. Dereva anasema wiki 3 za kwanza gari ilikuwa inaruka, anawapita wote kwenye mlima. Alafu siku moja anapandisha kutoka kwenye kreta kwa ile barabara ya Lerai, gari imejaa, akasikia injini inagonga kama mtu anapiga nyundo taratibu, moshi wa bluu, oili ikaanza kurushwa nje kwenye stiki ya kupimia oili. Tukafungua. Nilivyoinua hedi nikaona pistoni ya 6, ile ya nyuma kabisa, upande unaotazama tundu la chemba ukingo wake umeliwa, sio umevunjika, umeliwa, kama sabuni iliyoachwa kwenye maji, ukipitisha kidole unasikia vibonde laini. Ringi ya juu imeshikana na pistoni. Ncha ya nozeli ya silinda hiyo ina vitone vidogo vya aluminiamu vimeganda kama vile vya mtu anapochomelea. Chemba yenyewe ina ufa unaoonekana kwa macho. Pistoni nyingine 5 zilikuwa bado nzima. Nikapeleka nozeli kupima, ile ya 6 ilikuwa inakojoa. Skrubu ya pampu ilikuwa imezungushwa zaidi ya mzunguko mmoja. Na kwenye dashibodi hakuna geji hata moja iliyoongezwa, dereva hakuwa na namna yoyote ya kujua kwamba kule nyuma pistoni inayeyuka wakati yeye anafurahia kupita wenzake. Alinilaza macho kweli yule kijana, gari ilikuwa ya mkopo.

Kwa nini inaliwa pale na sio kwingine? Kwa sababu ya namna 1HZ inavyochoma. Dizeli hairushwi moja kwa moja juu ya pistoni, inarushwa kwenye chemba ndogo iliyo ndani ya hedi, inawakia humo, alafu moto unatoka kupitia tundu jembamba na kupiga pistoni sehemu ileile kila mara, kama tochi ya gesi. Injini kama hiyo inawaka laini na haichagui sana dizeli, ndo maana tunaipenda, ila joto lote linapita kwenye hedi na kwenye kile kisehemu kimoja cha pistoni. Juu ya hapo uwiano wake wa kubana hewa ni 22.4 kwa 1, ambayo ni kubwa sana kwa injini ya turbo. Linganisha na ndugu yake 1HD-T iliyotoka kiwandani na turbo mwaka huohuo wa 1990, yeye ana 18.6 kwa 1, hana chemba, na pistoni na hedi yake vimetengenezwa vikijua turbo inakuja. Kwahiyo mtu akikwambia "mbona 1HD ina turbo na haifi", mwambie hizo ni injini 2 tofauti zilizofanana kwa nje.

Basi tukishajua injini yako ni nzima, kitu cha kwanza cha kununua sio turbo. Ni geji ya joto la moshi. Hiyo ina waya wenye ncha ya chuma unaoingia ndani ya manifodi ya ekzosi, lile bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, KABLA ya turbo, nakazia kabla, maana wengine wanaweka baada ya turbo kwa sababu ni rahisi kutoboa bomba. Baada ya turbo joto likiwa kwenye kazi linakuwa limeshashuka nyuzi 100 au zaidi, kwahiyo unasoma namba nzuri huku ndani panaungua. Manifodi itobolewe ikiwa imetolewa nje ya gari, isitobolewe ikiwa imefungwa, chembe moja ya chuma ikiingia kwenye feni ya turbo inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika huna turbo tena. Kwenye 1HZ mi nawaambia madereva wangu hivi: kupanda mlima mrefu kaa chini ya nyuzi 650, ukigusa 700 toa mguu, sio utoe baadaye, utoe. Sio kwamba pistoni yenyewe imefika nyuzi hizo, ingekuwa hivyo ingeshatiririka maana aluminiamu inayeyuka kwenye 660, pistoni inapoozwa na oili na hewa mpya inayoingia, ila zile namba ndo kipimo chako kwamba joto linaingia kuliko linavyotoka. Funga geji hata wiki 2 kabla ya turbo utembee nayo kwenye njia yako ya kila siku. Utashangaa. Gari nyingi zisizo na turbo, zile zenye moshi, zinafika joto kubwa pale mlimani kuliko zenye turbo iliyofungwa kwa akili, na hapo utakuwa na namba zako mwenyewe za kulinganisha.

Pembeni yake weka na geji ya presha ya turbo. Kwa 1HZ ya kubeba watu mi sizidishi psi 8, na hapo tayari ukingoni kwenye kreta unakuwa na hewa nyingi kuliko gari isiyo na turbo ikiwa ufukweni. Wapo wanaoenda 10, 12 wakiwa na intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo, sikatai, ila wewe unataka gari ya kukuingizia mkate, sio ya mashindano.

Turbo yenyewe sasa. Ile ya lori ambayo fundi wako anayo, irudishe tu. Turbo ya lori la cc 7,000 au 8,000 imepimwa kwa moshi wa injini kubwa, kwenye 1HZ itachelewa kuamka, mpaka ufike mizunguko 2,500 ndo unasikia inaanza, wakati wewe kwenye mawe na kwenye matope unatembea na 1,400, 1,800. Chini huko utakuwa na ekzosi iliyozibwa na turbo iliyolala, yaani gari mbaya kuliko ya mwanzo, alafu juu inakuja kwa kishindo. Tafuta ya saizi ya injini ya lita 3 mpaka 4 na kidogo, iliyo na westigeti yake, kile kidirisha kinachoachia moshi upite pembeni presha ikitosha. Bila westigeti hakuna kitu kinachoizuia, na ujue mlimani hewa ikiwa nyepesi turbo inalazimika kuzunguka kasi zaidi kutoa psi zilezile. Ikiwa ya mtumba, shika shafti yake kwa vidole. Kucheza kidogo sana pembeni ni kawaida, ikicheza kwenda mbele na nyuma au mabawa yakiwa yanagusa nyumba yake, usinunue hata kwa nusu bei. Kiti kamili, yaani seti nzima ya vifaa, kilichotengenezwa kwa ajili ya 1HZ, na manifodi yake, mabomba yake na gasketi zake, ni ghali ukilinganisha na kuchomelea vipande, ila manifodi ya kuchomelea kwa vyuma vya mtaani nimeshaiona inapasuka kwenye kiungo baada ya miezi michache ya mitikisiko ya Serengeti, na ikipasuka inapuliza moto kuelekea kwenye waya na mabomba ya dizeli. Hapo usibane pesa.

Oili ndo damu ya turbo. Bomba la kuleta oili ni jembamba lenye presha, hilo kila fundi analijua. Linalowashinda ni la kurudisha. Oili ikitoka kwenye turbo haina presha tena, inaanguka tu kwa uzito wake ikiwa na povu, kwahiyo bomba la kurudi liwe nene, literemke moja kwa moja bila kujipinda kama mto, na liingie kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, juu ya usawa wa oili, sio chini yake. Likikosewa oili inajaa ndani ya turbo inavuja kwenye sili, unaona moshi wa bluu, mtu anakwambia turbo imekufa wakati ni bomba tu. Badilisha oili na filta kila kilometa 5,000, oili ya dizeli 15W-40 ya daraja la CI-4 au juu yake, na usisubiri wageni waishe. Ukifika juu ukingoni pale kwenye kutazamia kreta usizime gari hapohapo wageni wakishuka kupiga picha, iache iungurume dakika 1 au 2, turbo ipoe huku oili inapita, ukizima ghafla oili iliyobaki ndani inaungua inakuwa kaa na beringi zinakufa.

Hewa unayovuta nayo. Unajua vumbi la kutoka kreta kwenda Naabi, lango la Serengeti, linaingia mpaka kwenye sanduku la chakula lililofungwa. Gari isiyo na turbo ikivuta vumbi inakula ringi taratibu, yenye turbo inakula na mabawa ya turbo pia. Kagua viungo vyote vya mkonga, lile bomba la nje la kuvutia hewa, pale unapoungana na bodi na pale unapoingia kwenye eyaklina, nyumba ya filta ya hewa, paka gundi, badilisha mpira uliopasuka, na usipige filta kwa kompresa mpaka ikatoboka kama wengi wanavyofanya, filta ya karatasi ina umri wake. Ukitaka kujua kama inapitisha vumbi, toa bomba la baada ya eyaklina pitisha kitambaa cheupe ndani. Briza, bomba la kupumulia la injini, nayo iwekewe chombo cha kunasa oili, la sivyo mvuke wa oili utaingia kwenye turbo ukachanganyika na vumbi kuwa matope.

Kuhusu intakula. Turbo ikibana hewa inaipasha moto, hewa inayoingia ikiwa nyuzi 25 inaweza kutoka ikiwa 80, 90, na hewa ya moto ni nyepesi na inaongeza joto ndani. Intakula inaishusha. Kwa psi 7, 8 unaweza kuishi bila, ila ukiwa na uwezo iweke, mi naona ni pesa nzuri kuliko kuongeza psi. Shida yake ukiiweka mbele ya rejeta inaziba upepo wa rejeta, kwahiyo rejeta lazima iwe safi kwelikweli, itolewe ioshwe kati ya mapezi, sio kumwagia maji kwa mbele. Klachi ya feni iangaliwe, ina oili ya silikoni ndani ambayo inachoka, injini ikiwa ya moto zungusha feni kwa mkono ukiwa umezima, ikizunguka bure kama ya baiskeli inataka kujazwa au kubadilishwa. Na themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, jamani, irudishwe. Sijui huu ugonjwa wa kutoa themostati ulitoka wapi, gari ikichemsha tu mtu anaitoa na kuitupa. Bila hiyo injini asubuhi inatembea baridi masaa, ringi na silinda zinalika, na tatizo la kuchemsha lipo palepale limejificha.

Sasa dizeli. Gari ikishafungwa kila kitu, pampu usiiguse. Panda nayo Mto wa Mbu, panda nayo Ngorongoro ukiwa na mzigo kamili, andika joto na psi. Kama moshi umekata na joto halivuki 550 au 600, hapo ndo kuna nafasi ya kuongeza kidogo, robo ya mzunguko wa skrubu au pungufu, na uende tena njia ileile usome tena. Kumbuka pampu yako haina kile kidude cha juu kinachoongeza dizeli presha ya turbo ikija, pampu za 1HD-T zinacho, ya kwako inamwaga kiasi kilekile turbo iwe imeamka au imelala. Ukiiongeza sana, kila ukiondoka na gia ya 1 kabla turbo haijaamka utatoa wingu. Kwahiyo moshi mweusi wa kuondokea ndo alama yako ya kurudisha skrubu nyuma. Mtu wa pampu mwenye mashine anaweza kukufungia hicho kidude, ukikipata ni vizuri zaidi, ila kazi hiyo ifanyike kwenye benchi, sio chini ya mwembe.

Na mguu wako mwenyewe ni sehemu ya kazi hii. Gari yenye turbo inakudanganya upande na gia ya 5 kwa mizunguko 1,500 kwa sababu inavuta, na hapo ndo joto linapanda kuliko popote, injini inasukuma sana huku inapumua kidogo na maji na oili vinazunguka taratibu. Shuka 4, shuka 3, iache izunguke 2,200 mpaka 2,800, utaona sindano ya joto inashuka mbele ya macho yako. Klachi nayo kama ni ya zamani itaanza kuteleza, iwekee bajeti. Mkanda wa taiming, 1HZ inautumia wa mpira, kama hujui ulibadilishwa lini ubadilishe kabla ya yote haya, kilometa laki 1 ndo mwisho wake na ukikatika vali zinakutana na pistoni.

Kuna njia ya pili ambayo nakushauri uipigie hesabu kwa uaminifu. Kama kompresheni ikisoma vibaya na injini inataka kufunguliwa, jumlisha gharama ya kufungua, hedi, pistoni, pampu, alafu kiti cha turbo, intakula na geji. Linganisha na kutafuta 1HD-T nzima ya mtumba ukaibadilisha. Ina nguvu za farasi kama 165 kutoka kiwandani, na inaingia kwenye gari yako bila kukata sana kwa sababu ni familia moja. Ukienda huko, beringi za konrodi, ile mikono inayoshika pistoni, zibadilishwe kabla ya kuiwasha, zile za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula beringi hizo, na namba ya injini uende TRA ibadilishwe kwenye kadi, usije ukazuiwa barabarani na wageni ndani.

Kwahiyo wiki hii fanya hivi. Mwambie yule fundi wako asante, hujakataa ila bado. Njoo gereji na gari, nozeli zitolewe zikapimwe, na zikiwa zimetoka tupime kompresheni siku hiyohiyo, ukiwa na betri nzima maana stata ikizunguka taratibu namba zinadanganya. Kila nozeli iandike namba ya silinda yake kwa alama ya rangi kabla hujaitoa, 1 mpaka 6, usizichanganye kwenye kopo moja. Nataka kuiona hasa hiyo ya 6.